KUHAMISHA SAMAKI KATIKA MABIRIKA

Majaribio ya kufuga perege katika Tanganyika yalianza mwaka 1949, huko Malya na Korogwe, chini ya milima hii yetu ya Usambara. Mtu afugaye samaki katika birika la saruji, nyumbani au shuleni, hana budi kuwahamisha mara kwa mara. Twaona yafaa tueleze namna ya kufanya kazi hiyo, maana mara nyingi samaki huhamishwa salama, wakafa siku ya tatu au ya nne. Hapo watu husema ni husuda ya jirani, au humlaumu aliyewauza. Walakini sababu yake yajulikana.

Samaki hutoa uchafu, na uchafu huo hufanya sumu iitwayo amonia. Katika birika la zamani wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, nao ndio wafagiaji. Namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Namna ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Mrusi Sergei Winogradsky aliithibitisha kazi ya vijidudu hawa yapata mwaka 1890. Wengi wao hukaa juu ya mawe, kokoto na kuta, si katika maji yenyewe. Basi birika jipya laweza kuwa na maji meupe kama kioo, na lisiwe na mfagiaji hata mmoja. Wafagiaji wapya huchukua majuma manne au zaidi kuongezeka, na katika baridi ya Lushoto huchelewa zaidi.

Kwa hiyo yatupasa kufanya hivi:

1. Birika jipya la saruji lijazwe maji, likae juma zima, kisha yamwagwe. Rudia mara mbili, ili ukali wa saruji utoke.

2. Chukua nusu ya mawe ya birika la zamani, uyaweke katika jipya. Yachukuliwe ndani ya ndoo yenye maji ya birika lile lile. Usiyasugue kwa sabuni, usiyaanike juani, wala usiyaoshe kwa maji ya bomba yaliyotiwa klorini. Kama samaki wa zamani wana ugonjwa, usichukue kitu.

3. Usiwalishe samaki siku moja kabla ya kuwahamisha.

4. Tia maji mapya kidogo kidogo katika ndoo yao kwa muda wa nusu saa, ili wazoee baridi yake. Hasa wale watokao Korogwe kwenye joto wasitupwe ghafula katika maji ya mlimani.

5. Hamisha wachache kwanza. Wengine wafuate baada ya juma moja. Chakula kiwe kidogo.

Ukiwaona wanatweta juu ya maji, acha kuwalisha, ubadili theluthi ya maji mara moja.

Ahamishaye samaki na ahamishe na wafagiaji wao, ndipo atakapowavuna.