Kuuza au kupangisha kabla ya kwenda ng'ambo

Familia nyingi zilizokimbia Masisi, mashariki mwa Kongo (DRC), miaka ya 1990 zilifikia kambi ya Kiziba, Rwanda, na baadhi zikahamia Marekani. Mashamba yao yalibaki bila mlinzi.

Asiyelazimika asiuze shamba wala nyumba vita vikipamba moto, kama Machi 2025 waasi wa M23 walipoingia mji wa Walikale. Mnunuzi anajua muuzaji ana haraka, hivyo hutoa bei ndogo.

Karatasi ndizo za kwanza. Kwa sheria ya Kongo ya 1973 udongo ni mali ya Serikali. Haki ya mwenye parseli (kiwanja) huthibitishwa na cheti cha usajili. Shamba la kimila mara nyingi halina cheti, hivyo makubaliano yaandikwe mbele ya ukoo, majirani wa mpakani na chifu.

Anayepangisha aache mkataba na msimamizi mwenye idhini ya maandishi. Garanti ya nyumba ya kuishi, kwa sheria ya 2015, haizidi miezi 3.

Kinachosahaulika zaidi ni uraia. Sheria ya 2004 hairuhusu Mkongomani kuwa na uraia wa pili, na haki ya kudumu juu ya ardhi ni ya Wakongomani tu. Hatima ya parseli iamuliwe kabla ya kuapa kwa bendera nyingine.