Root si wa kila kazi: ninavyopanga akaunti ndani ya OpenWrt

Ruta yenye flashi ya megabaiti 16 ni kompyuta kamili ya Linux. Ina `/etc/passwd` yake, na kila programu inayoendeshwa humo inaendeshwa kwa jina la mtumiaji fulani. Kwenye vifaa vingi ninavyokabidhiwa, jina hilo ni moja tu kwa kila kitu: root. Mafundi huacha hivyo kwa hoja kwamba kifaa ni kidogo na hakuna anayekaa mbele yake. Hoja hiyohiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, maana mvamizi akiingia hakuna wa kumshtukia.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani, jozi zaidi ya 60 hivi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuizidi nguvu Dyn, kampuni iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Watengenezaji wamejifunza kiasi: Raspberry Pi OS iliondoa akaunti ya kudumu ya `pi` Aprili 2022, na Uingereza tangu 29 Aprili 2024 hairuhusu vifaa vya nyumbani vya intaneti kuuzwa na nywila moja inayofanana kwa vyote. Lakini OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta unaojiwekea mwenyewe, huja na root asiye na nywila, na kazi ya kumfungia mlango ni yako.

Naanza kwa kusoma kabla ya kugusa chochote. Amri mbili zinatosha:

`awk -F: '$3==0' /etc/passwd`
`awk -F: '$2==""' /etc/shadow`

Ya kwanza inaonyesha kila mwenye namba 0, yaani kila mwenye mamlaka ya root hata kama jina lake ni lingine. Ikitoka mistari miwili, simamisha kazi yote uchunguze. Ya pili inaonyesha wasio na nywila kabisa. Nakala ya `passwd` iliyokuja na mfumo ipo `/rom/etc/passwd`, sehemu isiyoandikika, kwa hiyo ukilinganisha hizo mbili utajua ni akaunti zipi zimeongezwa baadaye. Usiwafute `nobody`, `dnsmasq`, `ntp` na wenzao unaowakuta humo. Hao wapo kwa ajili ya huduma, na ganda lao ni `/bin/false` ili asiingie mtu kwa majina yao.

Kisha `passwd` kwa ajili ya root, ufunguo wako wa SSH ndani ya `/etc/dropbear/authorized_keys`, na ukishahakikisha ufunguo unafungua, zima kuingia kwa nywila:

`uci set dropbear.@dropbear[0].PasswordAuth='off'`
`uci set dropbear.@dropbear[0].RootPasswordAuth='off'`
`uci commit dropbear`
`/etc/init.d/dropbear restart`

Acha dirisha la kwanza la SSH wazi wakati unajaribu la pili.

Fundi mwenzako anayekuja kuwasha upya mtandao hahitaji root. BusyBox, programu inayobeba amri za msingi za OpenWrt, haina `adduser` kwa kawaida. Unaweza kusakinisha kifurushi cha `shadow-useradd`, ila mimi huandika kwa mkono kwa sababu nataka kuona kila herufi inayoingia. Mstari mmoja katika kila faili, kwa mpangilio huu wa `passwd`, `group` na `shadow`:

`fundi:x:1000:1000:fundi:/home/fundi:/bin/ash`
`fundi:x:1000:`
`fundi:*:0:0:99999:7:::`

Ile nyota katika `shadow` maana yake hakuna nywila itakayokubaliwa, ataingia kwa ufunguo tu. Tengeneza `/home/fundi/.ssh`, weka `authorized_keys` humo, kabidhi vyote kwa `chown -R fundi:fundi /home/fundi`, halafu `chmod 700` kwa saraka na `600` kwa faili. Dropbear, seva ya SSH ya OpenWrt, hukataa ufunguo ikiwa kundi au watu wengine wanaweza kuandika humo. Hukataa pia mwenye ganda ambalo halimo katika `/etc/shells`. Kwa kazi yake moja, sakinisha `sudo` (kwa `opkg`, au `apk` kwenye matoleo mapya) na umpe amri hiyo peke yake:

`fundi ALL=(root) NOPASSWD: /etc/init.d/network restart`

Usimpe `vi` kwa sudo. Mhariri wa maandishi anafungua ganda, na ganda hilo ni la root.

Sasa niingie kwenye akaunti ninazozijali kuliko zote, zile zisizo za mtu. Chukua skripti inayosoma joto la banda la vifaranga kutoka `/dev/ttyUSB0` na kulituma nje. Inapokea data kutoka nje ya kifaa, hivyo ikiwa na tundu, anayelipata anapata uwezo wote wa akaunti inayoiendesha. Naifungulia mtumiaji `joto` na kundi la jina hilohilo, namba 700, ganda `/bin/false`, nyota katika `shadow`. Natazama `ls -l /dev/ttyUSB0` nijue kifaa kinamilikiwa na kundi gani na kundi hilo lina ruhusa zipi. Likiwa kundi linaloruhusiwa kusoma na kuandika, na si la root, namwongeza `joto` humo. Kisha skripti ya kuanzisha:

`start_service() {`
`  mkdir -p /var/run/joto`
`  chown joto:joto /var/run/joto`
`  procd_open_instance`
`  procd_set_param command /usr/bin/soma-joto`
`  procd_set_param user joto`
`  procd_set_param respawn`
`  procd_close_instance`
`}`

Juu yake weka `#!/bin/sh /etc/rc.common`, `START=95` na `USE_PROCD=1`. Mistari ya `mkdir` na `chown` ni ya lazima: katika OpenWrt `/var` inaelekea `/tmp`, na `/tmp` iko kwenye RAM. Umeme ukikatika, saraka uliyomkabidhi `joto` inatoweka pamoja na umiliki wake, na huduma itashindwa kuandika. Anayezoea seva za kawaida hushangazwa na hili, halafu anairudisha huduma kwa root ili mambo yaende. Usifanye hivyo. Tengeneza saraka kila mara huduma inapoanza, kisha thibitisha kwa `ps w` kwamba safu ya mtumiaji inasoma `joto`.

Kabla ya kupandisha toleo, endesha `sysupgrade -l` uone yatakayohifadhiwa. `passwd`, `group` na `shadow` yamo, lakini `/home` haimo, wala programu yako iliyoko `/usr/bin`. Ziandike katika `/etc/sysupgrade.conf`. La sivyo fundi atabaki na jina lake bila ufunguo, na `joto` atakuwa mtumiaji asiye na kazi. Vifurushi ulivyosakinisha, `sudo` ikiwamo, utavisakinisha upya.

Kwa anayesimamia vifaa vingi: tumia Image Builder, zana ya OpenWrt ya kujitengenezea toleo lako, na akaunti zako ziongezwe na skripti ndani ya `/etc/uci-defaults/`, ambayo huendeshwa mara ya kwanza kifaa kikiwaka na kufutwa ikifaulu. Usichomeke faili zima la `passwd` juu ya lile la mfumo, kwa sababu toleo jipya linaweza kuwa na watumiaji wa huduma ambao faili lako halina.

Mlango wa waya nao uangalie. Konsoli ya serial humpa root aliyeunganisha waya bila kumuuliza nywila, mpaka uandike `uci set system.@system[0].ttylogin='1'` na kufanya `commit`. Hata hapo, hali ya dharura ya OpenWrt, failsafe, haiulizi nywila. Kifaa kilicho mahali pa wazi kinahitaji kasha lenye kufuli.

Fundi akiondoka, futa mistari yake mitatu, ruhusa yake ya sudo, ufunguo wake, na kama alikuwa anaingia LuCI (kurasa za usimamizi za OpenWrt), sehemu yake ya `login` katika `/etc/config/rpcd`. Namba 1000 usimpe anayekuja. Faili hubeba namba, halibebi jina, kwa hiyo chochote alichoacha wa kwanza kitakuwa mali ya wa pili. Mrithi mpe 1001, kisha pitia `/home` na `/etc` kwa `ls -ln` uone ni wapi 1000 bado inaonekana.