Ureno na unga: kilichofutwa ni kesi

Swali: Je, ni kweli Ureno ilihalalisha dawa za kulevya?

Jibu: La. Tangu Julai 2001, anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10, mathalani gramu 1 ya heroini, hapelekwi mahakamani. Polisi humnyang'anya mzigo na kumpeleka mbele ya jopo la watu watatu, akiwamo mwanasheria, ambao huweza kumtoza faini au kumshawishi aanze tiba. Muuzaji bado hufungwa.

Wimbi la waraibu lililohofiwa halikuja, na maambukizi mapya ya VVU miongoni mwa wanaojidunga yalishuka sana. Sifa hizo, hata hivyo, ni za methadoni (dawa mbadala ya heroini) na sindano safi pia.

Kwa kulinganisha, jimbo la Oregon, Marekani, lilifuta adhabu ya jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo mwaka 2021 huku huduma za tiba zikichelewa, na mwaka 2024 likairudisha.