Somo: Sanduku la Kumbukumbu

Mtu akifariki kijijini, tunajua la kufanya. Tunachanga, tunachimba kaburi, tunapika na kukesha na wafiwa. Baada ya mazishi nguo zinagawanywa, vyombo vinachukuliwa na jamaa, na watoto wanapelekwa kwa shangazi au kwa nyanya. Ni nani anayeketi na mtoto na kumweleza yaliyotokea? Mara nyingi hakuna. Tunasema, "Huyu bado mdogo, atasahau." Kumbe hasahau. Anabaki na maswali na anaogopa kuuliza.

Somo hili linatuonyesha jinsi ya kutengeneza sanduku la kumbukumbu kwa vitu vya kawaida vya nyumbani.

Wazo hili lilitoka wapi?

Nchini Uganda, mwaka 1992, wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI walianzisha chama cha NACWOLA. Wakati huo mama wengi wa kawaida hawakuwa na njia ya kupata dawa. Basi katika miaka hiyo ya 1990 chama kikaanza kuwafundisha kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo wetu ni upi, ulizaliwa wapi, ulikuwa mtoto wa namna gani. Huko Afrika Kusini, kituo cha Sinomlando katika KwaZulu-Natal kilisaidia familia kutengeneza masanduku. Sinomlando ni neno la Kizulu, maana yake "tuna historia".

Siku hizi dawa za ARV zipo na wengi wanaishi miaka mingi. Hata hivyo ajali, magonjwa na mafuriko hayajaisha, na wako waliopoteza watu wao katika ghasia za 2007 na 2008 ambao hawajawahi kusimulia.

Kwa nini tutumie kitu?

Ukimwambia mtoto, "Nieleze habari za mama yako," atainama tu. Lakini mpe mwiko wa mama yake. Ataugeuza, ataona umelika upande mmoja. Atauliza, "Mbona uko hivi?" Nyanya atajibu, "Mama yako alikuwa anasonga ugali kwa mkono wa kushoto, kama wewe." Hapo mazungumzo yameanza, wala hakuna aliyelazimishwa.

Vifaa

Katoni au boksi la viatu, mkasi, uji mzito wa unga wa ngano badala ya gundi, vipande vya leso au nguo kuukuu, karatasi na kalamu.

Hatua za kufuata

1. Kila mtu alete kitu kimoja cha mpendwa wake. Kisiwe cha bei. Kofia, kikombe, kifungo cha shati, hata mbegu alizokuwa akipanda.

2. Keteni wawili wawili. Mmoja asimulie, mwingine asikilize bila kukatiza wala kusema "nyamaza, usilie".

3. Pambeni sanduku. Nje weka yale ambayo watu wote waliyajua: kazi yake, rangi aliyoipenda. Ndani weka yale ya familia peke yake. Mwenye sanduku ndiye anayechagua, hata kama ni mtoto wa miaka sita. Msimsahihishe.

4. Andikeni kwenye karatasi kila kitu ni cha nani na kina habari gani. Asiyejua kuandika aandikiwe maneno yake vile alivyoyasema.

5. Tieni nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti cha kifo cha mzazi. Vyeti vyenyewe viwekwe mahali salama. Mtoto atavihitaji siku moja, shuleni au katika mambo ya urithi.

Tahadhari

Si kila kumbukumbu ni tamu. Mtoto anaweza kuleta mshipi ambao baba alikuwa akimpigia. Msimwambie, "Marehemu hasemwi vibaya." Msikilizeni. Akitaka kuufunga kwa kitambaa na kuuweka chini kabisa, sawa. Asipotaka kuuweka, sawa pia. Kupona si kusifu tu. Kupona ni kuweza kusema yaliyokuwa bila kuogopa.

Yanayosemwa kikundini yabaki kikundini. Na mtu asiyelala, asiyekula, au anayesema hataki kuishi, msimwachie sanduku peke yake. Mpelekeni kituo cha afya, mfuatane naye.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, vitu vya marehemu vinagawanywa na nani? Watoto wanaulizwa?

2. Je, tunaweza kukubaliana kwamba kabla ya kugawa, kila mtoto achague kwanza kitu kimoja?

3. Ni nani kati yetu aliye hai leo, ambaye habari zake tungependa kuziandika angali anaweza kutusimulia mwenyewe?