Kwa nini mwili unaendelea kuogopa hata tukiwa salama?



Tunapotembelea nyumba kwa nyumba huko Katwe, Nsambya na Makindye, maneno haya tunayasikia mara nyingi: baba watoto amebadilika, siku hizi anafoka tu, mtoto ana miaka tisa na bado anakojoa kitandani, silali usiku, lakini nikipimwa sina malaria. Wengine wanaambiwa wamerogwa. Wengine wanaambiwa ni wavivu au hawana adabu. Matokeo yake ndoa zinavunjika, watoto wanapigwa, na pesa ya kodi ya nyumba inaishia kwa mganga. Somo hili linaeleza kinachotokea ndani ya ubongo na mwili, ili tujue la kufanya.

1. UBONGO UNA MLINZI

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo kama haragwe kubwa. Inaitwa amigdala. Kazi yake ni kama ya askari wa getini: ikihisi hatari haingoji maelezo, inapiga kengele mara moja. Habari zinapita kwenye mishipa ya fahamu, na tezi mbili zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Hapo ndipo:

- Moyo unakwenda mbio ili damu ifike haraka kwenye misuli.
- Pumzi inakuwa fupi na ya haraka.
- Jasho linatoka na mikono inatetemeka.
- Tumbo linapunguza kusaga chakula, na mdomo unakauka.

Baadaye kidogo tezi hizo hizo zinatoa kotisoli, ambayo inaongeza sukari kwenye damu ili nguvu zisiishe. Huu si ugonjwa. Ndio uliowawezesha watu kukimbia usiku kutoka Masisi au Beni, mtoto akiwa mgongoni, bila kula na bila kusikia uchovu.

2. MLINZI ASIPOPUMZIKA

Hatari ikiisha, mwili unapaswa kutulia. Lakini mtu aliyeona mambo makubwa, au aliyeyaona mara nyingi, kengele yake inaweza kubaki inalia. Kwa nini?

Kuna sehemu nyingine ya ubongo, hipokampasi, inayopanga kumbukumbu: jambo hili lilitokea wapi, lini, na limekwisha. Wakati wa hofu kali kazi hiyo haifanyiki vizuri. Kumbukumbu inabaki vipande vipande: harufu ya moshi, sauti, rangi ya nguo za askari, bila mahali wala tarehe. Kwa hiyo boda boda ikitoa mlio kama risasi pale barabarani, mlinzi anaamini vita ni sasa hivi. Mtu anajitupa chini kabla hajafikiri. Si mwoga, na si kichaa.

Sehemu ya tatu iko nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo inayopima mambo na kutuzuia tusifanye ovyo. Kengele ikilia sana, sehemu hii inadhoofika. Tuangalie sasa tabia tunazoziona nyumbani:

- Hasira ya ghafla: mlinzi amewahi kabla ya akili kupima.
- Kusahau, na mtoto kushindwa masomo: ubongo unatafuta hatari, hauna nafasi ya hesabu.
- Kukosa usingizi na kuota ndoto mbaya: mlinzi anakataa kulala.
- Kichwa, mgongo na tumbo kuuma: misuli imekaza siku nzima, na tumbo halifanyi kazi vizuri.
- Kujitenga na kukaa kimya: mtu anakwepa kila kinachomkumbusha.
- Mtoto kukojoa kitandani au kung'ang'ania mama: ndiyo lugha ya hofu yake. Kumchapa kunaongeza hofu, na hofu inaongeza kukojoa.

Tuelewane hapa. Kujua chanzo cha hasira si ruhusa ya kumpiga mke au mtoto. Kunamsaidia mwenye hasira kutoka nje mapema, kabla mkono haujanyanyuka.

3. JE, KINATIBIKA?

Ndiyo. Na ushahidi mzuri umetoka hapa hapa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, ulifanyika utafiti uliotolewa mwaka 2008. Walishiriki wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wenye ugonjwa wa kiwewe. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa ushauri nasaha. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu utotoni mpaka leo, ili kila kipande cha kumbukumbu kirudishiwe mahali na tarehe yake. Kundi la pili lilipata ushauri wa kawaida. Walipopimwa tena baadaye, watu 70 kwa kila 100 wa kundi la kwanza hawakuwa tena na ugonjwa huo, na 65 kwa kila 100 wa kundi la pili. Kwa wale waliofuatiliwa tu bila ushauri, walikuwa 37. Hata afya ya mwili ilikuwa bora zaidi kwa waliopata ushauri.

4. TUFANYE NINI NYUMBANI?

- Vuta pumzi polepole ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Pumzi ndefu inapunguza mbio za moyo.
- Hofu ikija, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kisha sema: niko Kampala, ni leo.
- Lala na uamke saa zile zile. Waragi inaleta usingizi haraka, lakini inaukata usiku wa manane.
- Fanya kazi ya mwili kila siku, hata kutembea.
- Usimlazimishe mtu kusimulia. Kaa naye, msikilize akitaka mwenyewe.
- Usibishane na mtu aliye katikati ya hofu au hasira. Ngoja atulie.

5. TWENDE KITUO CHA AFYA LINI?

Si kila tabia mpya ni kiwewe. Malaria kali, kifafa na sukari kushuka pia hubadilisha tabia. Mtu mwenye homa anayeweweseka apelekwe saa hiyo hiyo. Nenda pia kama hali imepita mwezi mmoja, kama mtu ameshindwa kazi au kula, au anasikia sauti zisizokuwepo. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, na mpeleke siku hiyo hiyo.

Vituo vya serikali, kama Kisenyi, Kisugu na Kawaala, vinapokea wakimbizi kama raia. Wanaohitaji uangalizi zaidi hupelekwa hospitali ya Butabika. Kufika Butabika si aibu, kama vile kufungwa mguu uliovunjika si aibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni sauti au harufu gani zinazowashtua watu wa nyumbani kwako?
2. Mtoto akikojoa kitandani, utafanya nini badala ya kumchapa?
3. Nani katika mtaa wako amejitenga, na nani anaweza kwenda kukaa naye wiki hii?