Ugali Ukipungua, Mboga Iongezeke

Siku hizi si ajabu kukuta nyumba yenye mtu anayepunguza wanga. Pengine baba ana kisukari, pengine dada anataka kupunguza uzito. Ugali unaondoka kwenye sahani, kisha wali, chapati na mihogo. Haupiti muda malalamiko yanaanza: tumbo limejaa, choo kigumu, na siku nyingine hakipatikani kabisa.

Wengi hudhani mwili unadai ugali wake. Tazama kwanza kilichochukua nafasi ya ugali. Kama ni nyama choma, mayai na samaki, jibu umelipata, kwa sababu vyakula hivyo havina nyuzinyuzi hata kidogo.

Nyuzinyuzi, au makapimlo, ni sehemu za mimea ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga. Zikifika utumbo mpana, nyingine hushika maji na kulainisha choo, nyingine huliwa na bakteria wenye faida wanaoishi humo. Zile za utelezi, kama za bamia, huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, hivyo mwenye kisukari anazihitaji hasa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mtu kuanzia umri wa miaka 10 apate angalau gramu 25 kwa siku.

Ugali wa sembe wenyewe haukuwa na nyingi, kwani pumba ilibaki mashineni wakati wa kukoboa. Aliyekuwa akila dona amepoteza zaidi. Lakini hasara kubwa ni maharage, kunde na choroko, ambavyo watu huviacha pamoja na ugali kwa kuwa navyo vina wanga. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 6 hadi 8 za nyuzinyuzi, na wanga wake huyeyuka polepole. Anayepunguza kwa kiasi asiyaache, apime tu.

Anayebana wanga sana ategemee parachichi. Nusu ya tunda kubwa, kama gramu 100, ina wanga wa gramu 9 hivi, na karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Pera nalo, likiliwa na maganda na mbegu zake, hutoa kama gramu 5 za nyuzinyuzi kwa kila gramu 100. Usilikamue juisi na kuichuja. Nazi ni vivyo hivyo: nyuzinyuzi hubaki kwenye machicha tunayowatupia kuku, si kwenye tui.

Mboga za majani ndizo zinazotudanganya macho. Fungu la mchicha hujaza sufuria, likiiva linanywea, halafu linagawiwa watu sita. Huo ni ulimbwende wa sahani, si mlo. Anayeacha ugali ale bakuli zima la mchicha, matembele au kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri, pamoja na kabichi, bilinganya au bamia.

Hesabu ya siku inaweza kwenda hivi: asubuhi mayai na nusu parachichi, mchana samaki na bakuli la mchicha, jioni nusu kikombe cha maharage na bamia, na katikati ya milo pera moja na karanga za kujaza kiganja. Hapo gramu 25 zimefika bila kijiko cha wali.

Ongeza kidogokidogo kwa wiki kadhaa, na unywe maji ya kutosha. Ukiongeza ghafla, gesi itakusumbua. Ukikosa maji, choo kitazidi kuwa kigumu.

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asipunguze wanga kabla ya kuongea na kliniki yake. Dozi ikibaki ileile huku wanga umeshuka, sukari inaweza kuporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo nao waulize kwanza. Damu kwenye choo, kutapika pamoja na tumbo kuvimba, au kukonda bila sababu si mambo ya kutibu kwa parachichi. Nenda kituo cha afya.