Kifaru cha Mezani: Somo la Skeli

Mwanafunzi aundapo kwa mara ya kwanza kielelezo cha kifaru cha vita kwa vipande vya plastiki, kosa lake mara nyingi huonekana mwishoni. Vipande vimeungana sawasawa, lakini baada ya kupakwa rangi kielelezo hufanana na bonge la udongo: mistari ya kulehemu na vichwa vya bolti vimefunikwa. Kosa hilo halitokani na ugeni wa mkono peke yake. Hutokana pia na kutoielewa skeli.

Skeli iliyozoeleka kwa vielelezo vya namna hii ni 1:35, yaani sentimita 1 ya kielelezo huwakilisha sentimita 35 za kifaru chenyewe. Tuchukue T-34-85, kifaru ambacho Umoja wa Kisovyeti ulianza kukitumia vitani mwaka 1944. Bodi lake, bila kuhesabu mtutu wa mzinga, lilikuwa na urefu wa karibu meta 6.10 na upana wa meta 3.00, uzito wake ulikuwa karibu tani 32. Kielelezo chake basi kina urefu wa sm 17.4 na upana wa sm 8.6.

Je, uzito nao hugawanywa kwa 35? La. Eneo hupungua mara 35 x 35, yaani 1,225. Ujazo hupungua mara 42,875. Kielelezo kilichoundwa kwa vitu vile vile vya kifaru chenyewe kingekuwa na uzito wa karibu gramu 746 tu. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638: umbo likikuzwa, uzito huongezeka upesi kuliko nguvu ya viungo vinavyoubeba. Kwa hiyo uimara wa kielelezo si ushahidi wa uimara wa chombo kikubwa.

Rangi, kwa upande wake, haipungui hata kidogo. Tuseme utando wa rangi una unene wa mm 0.1. Kwa skeli ya 1:35, utando huo ni sawa na mm 35 x 0.1, yaani mm 3.5 juu ya kifaru chenyewe. Unene huo watosha kuficha mshono wa kulehemu.

Kutokana na hayo, kazi ifuatwe hivi:

1. Vipande vioshwe kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha vikaushwe.
2. Vikatwe kwa kisu kikali, na mabaki yasuguliwe kwa msasa laini.
3. Gundi itiwe kidogo. Gundi hii huyeyusha uso wa plastiki, na ikizidi huharibu umbo. Mvuke wake hudhuru. Madirisha yawe wazi, na moto uwe mbali.
4. Rangi izimuliwe, ipakwe tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke kwanza.
5. Mwishowe rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ipitishwe penye mifereji, ili ijikusanye humo na kuonyesha vivuli.

Zoezi: Bamba la ubavu wa bodi la T-34-85 lilikuwa na unene wa mm 45. Tafuta unene wake kwa skeli ya 1:35, kisha ulinganishe na unene wa tabaka tatu za rangi, kila moja mm 0.1. Eleza unachojifunza.